Hema Pembeni mwa Karanga za Mama Mkwe

Alhamisi, 30 Aprili

Nimenunua hema. Hema! Si turubai la msiba, si nailoni ya wachimbaji. Ni hema la familia, la buluu, vyumba viwili, pazia katikati, madirisha ya wavu na gamba la juu la kuzuia mvua. Lote linaingia kwenye mfuko mdogo kuliko gunia la mkaa. Nililiona sokoni Kahama juu ya rundo la mitumba, nikasimama nimeduwaa mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Kesho tunakwenda Ushetu kwa mama mkwe wangu, Mama Melania, kung'oa karanga. Ametuita wakwe zake wote wawili. Vijana wa kijijini kwake wamekimbilia machimboni Geita, hakuna wa kumsaidia, na mvua za mwisho wa msimu zimegoma kuondoka. Karanga zikikaa ardhini wiki nyingine zitaota hukohuko. Ndizo chakula chake na mbegu yake ya mwaka mzima. Nyonga yake mbovu, peke yake hawezi.

Sasa, mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hilo halina mjadala. Mwaka jana nililala jikoni kwa jirani, pamoja na mbuzi. Amosi, mume wa shemeji yangu Kudra, yule anayesimamia upakiaji wa makasha kule Isaka, alilala kwa katekista, kitanda chenye chandarua. Asubuhi kuku akachinjwa, Amosi akapewa firigisi, heshima ya mgeni mkubwa. Mimi shingo. Sijasahau.

Mpango uko hivi. Nasimamisha hema, mama mkwe anastaajabu, Amosi kwisha habari yake. Tena hema linataka mtu wa kuliangalia mchana kutwa, kwa hiyo mgongo wangu hautainama shambani. Mke wangu Generosa ameuliza kama nimewahi kusimamisha hema. Nimemwambia hema ni kitambaa na fimbo tu.

Ijumaa, 1 Mei

Hizo fimbo! Zina uzi wa mpira ndani. Ukiirusha hewani inajiunga yenyewe, ta-ta-ta, inakuwa ndefu kuliko nyumba. Nimezikunja na kuzirusha, kuzikunja na kuzirusha, mpaka binti yangu Blessing akaniomba zamu.

Mahali nimechagua mwenyewe: mwisho wa shamba, kwenye kipara cha changarawe kisichootesha hata bangi mwitu. Generosa alikuwa na karatasi ya picha iliyokuja na hema. Nikaikataa. Mtu anayewauzia wachimbaji gambuti na tochi soko zima la Kahama hafundishwi na katuni. Nikaunga, nikanyanyua, likasimama. Sakafu juu, mlango chini. Amosi alikuwa pembeni amekunja mikono. Akauliza kwa upole kama wageni wataingilia ardhini.

Nikaligeuza. Upepo ukaja, likanyanyuka, likaruka juu ya karanga huku mimi nimeng'ang'ania kamba. Ilibidi nikimbie nalo. Blessing anasema ni siku nzuri kuliko zote alizowahi kuishi.

Mama Melania alikuwa uani, uso kando kama heshima inavyotaka. Mimi na yeye hatutazamani, na ikibidi kuniambia kitu anamwambia kuku. Basi akamwambia kuku wake mwekundu kwamba mwenye akili huupa upepo kisogo, na huanza na vigingi, siyo fimbo. Kuku hakujibu. Mimi nikaanza na vigingi.

Ardhi ngumu! Nimepigilia kwa jiwe, kila pigo likasikika mpaka barabarani. Nikavuta kamba, nikakaza. Halafu likasimama. Nasema likasimama! Buluu, limejaa hewa, kamba zimenyooka pande zote, jua linapita ndani yake. Hata Amosi alikunjua mikono. Nimezaliwa Kahama, nimeona migodi na mitambo mikubwa kuliko makanisa, lakini sijawahi kuona nyumba ikitoka mfukoni.

Vijana wawili wenye pikipiki wakasimama barabarani. Wakauliza mzee napima nini hapa. Ningesema nataka kulala, ingekwisha. Lakini Amosi alikuwa anasikiliza. Nikatazama chini. Nikatazama mbali. Nikasema bado mapema kusema.

Waliondoka kwa kasi ambayo hawakuja nayo.

Jumamosi, 2 Mei

Alfajiri ndani ya hema. Niandike kwanza hili, kabla ya mengine. Mwanga umeingia kupitia kitambaa, kila kitu kimekuwa buluu: mikono yangu, blanketi, uso wa Blessing usingizini. Generosa alikuwa macho, anatazama juu. Nilihisi kama tuko ndani ya maji na bado tunapumua. Sikujua mtu wa kawaida anaweza kupewa kitu kama hiki.

Kisha nikafungua zipu.

Watu! Watu hadi barabarani. Wamelala juu ya pikipiki, wamelala juu ya sururu zao. Nailoni nyeusi zimesimama kulia na kushoto kwa hema langu, na kila mmoja amepigilia vigingi vyake akifuata mstari wa vigingi vyangu. Mama mmoja alikuwa tayari anachoma maandazi. Mwingine anachaji simu kwa betri ya gari. Jana hapa palikuwa na panzi tu. Nilibaki mdomo wazi, mswaki mkononi.

Rashi, mbio za kukimbilia dhahabu mpya. Ndiyo hiyo. Ukanda huu ukiona mtu kapiga vigingi uwandani, kaviunga kwa kamba, kajifungia ndani ya hema na hasemi kitu, hujiulizi mara mbili. Unabeba sururu.

Mkubwa wao ni mzee Bujiku, mchimbaji wa siku nyingi, kofia ya chuma imebonyea. Akaniamkia kwa adabu, ingawa kwa umri ni mimi niliyepaswa kumpa shikamoo. Akauliza mwamba unaelekea wapi. Mikono yangu ilikuwa na kikombe na mswaki, nikaondoa nzi kwa kidevu. Kidevu kikaelekea kwenye karanga. Watu wote wakageuka kuelekea karanga.

Generosa akanivuta ndani. Akasema niwaambie sasa hivi. Nikasema nitawaambia baada ya chai. Wakati wa chai wakanichagua mwenyekiti wa rashi. Sasa, huwezi kuchaguliwa na kukiri saa hiyohiyo, ni dharau kwa wapiga kura. Tena Amosi amekuja mwenyewe, kofia mkononi, kuomba ukatibu. Amosi! Nimemwambia nitalifikiria.

Jioni mambo yameharibika. Kamba za kwanza zimevuka mpaka wa shamba. Wamekubaliana kesho baada ya ibada kila mtu ataanza duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, katikati ya karanga. Mama Melania alikuwa kizingitini, mkono kwenye nyonga, anazitazama zile kamba. Hakumwambia kuku kitu.

Nimefanya mazoezi ya kukiri mbele ya pazia. Sauti haitoki. Mvua imenyesha, maji yameingia upande wangu kwa sababu sikulikaza gamba la juu, Generosa amelikaza upande wake. Hasemi na mimi. Upande wake mkavu kabisa.

Jumapili, 3 Mei

Leo nimeona jambo ambalo sitaliona tena. Naandika kabla sijalala.

Walirudi kutoka ibadani wakiwa wengi zaidi. Sururu begani, makarai kichwani, shamba limezungukwa pande zote. Nikaamua kutoka niseme ukweli. Kweli niliamua! Zipu ikakataa. Ilikuwa imejaa mchanga, Generosa alishaniambia niipanguse. Nikavuta, ikang'ata kitambaa. Mwenyekiti amefungiwa ndani ya hema, anachungulia kwenye wavu.

Wa kwanza akanyanyua sururu. Hapo Mama Melania akatoka. Alitembea polepole, anachechemea, kitenge kimefungwa vizuri, akapita katikati yao mpaka mbele ya Bujiku. Wote wakamwamkia. Akaitikia kila mtu. Kila mtu! Umati ule wote ukasubiri sururu zikiwa hewani.

Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Wanangu, dhahabu haiozi. Karanga zinaoza. Ng'oeni kwanza kilicho juu, kila mmoja na mstari wake, mkusanye pale uani. Atakayekanyaga hata punje moja hachimbi hapa, na radhi yangu hana."

Nani atabishana na radhi ya mama? Bujiku akavua kofia yake ya chuma, akaiweka chini, akainama. Wakainama wote.

Mtu mmoja akageuza ndoo ya plastiki, akaanza kupiga ngoma ya kulimia. Nyimbo zikaanza, za Kisukuma, zile za vikundi vya jembe, ambazo nilidhani hawa vijana wamezisahau machimboni. Hawakusahau hata moja. Mistari ya watu ikasogea kwa pamoja, mkono kwa mkono, karanga zikitoka ardhini na udongo wake, zikikung'utwa, zikirushwa nyuma. Vumbi halikuwepo kwa sababu ya mvua, kila kitu kilikuwa kisafi na kinang'aa. Amosi alikuwa katikati yao, shati limelowa, anaimba. Generosa anaimba. Blessing anabeba kwenye sketi yake. Nilitoa machozi nyuma ya wavu. Sijui kwa nini, ila niliyatoa. Shamba la wiki mbili likaisha kabla ya chakula cha mchana.

Rundo uani lilizidi urefu wa mlango. Ndipo Mama Melania akaja kusimama kando ya hema langu, mgongo kwangu, uso kwao.

"Sasa niwaambie," alisema. "Humu analala mkwe wangu. Kwangu hawezi kulala, na mwaka jana nilimwacha akalala na mbuzi. Vigingi ni vya kushikia nyumba yake. Chini hakuna kitu."

Ndoo ikaacha kulia. Bujiku akang'oa kigingi kimoja, akachota udongo wa tundu lake kwenye karai, akamimina maji, akazungusha taratibu, akamwaga, akazungusha tena. Akatazama kitako cha karai kwa muda mrefu. Kisha akainama mpaka dirisha la wavu, jicho kwa jicho na mimi.

"Ni kweli, mwenyekiti?"

Nilitamani ardhi ile ngumu inimeze. "Ni kweli," nikasema.

Bujiku akaketi chini. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Akawaambia wenzake kwamba yeye ukweni kwake analalaga kwenye banda la mashine ya kusaga mawe, miaka yote, na hakuna aliyewahi kumletea hata nailoni. Kicheko kikapita shambani kuanzia mbele mpaka barabarani. Mama Melania akafunua mapipa nyuma ya nyumba. Karanga mbichi, zile wenzangu walizotangulia kung'oa, zilikuwa zinachemka tangu asubuhi, za kuwatosha wote. Tangu asubuhi! Alipoyaweka motoni yale mapipa, hakuna aliyekuwa amenyanyua sururu.

Wamekula, wamefukia vishimo vyao, wameondoka. Generosa amenikatia zipu kwa kisu.

Jumatatu, 4 Mei

Kuku amechinjwa, yule mwekundu tuliyekuwa tunaongea kupitia kwake. Firigisi amepewa Bujiku, aliyebaki kusaidia kuanika. Mimi na Amosi shingo, tumegawana. Tumekula bila kutazamana.

Wakati wa kufunga hema, Generosa akasema likaukie kwanza juani, tukung'ute mchanga, tupanguse fimbo. Nikamwambia jua la Ushetu na jua la Kahama ni jua moja. Nikalikunja na maji yake. Mfuko uliolitoa haukubali kulirudisha. Jambo la ajabu hilo pia, nimelikalia juu mpaka likaingia, kasoro fimbo moja.

Mama Melania hakuwa na kuku wa kumtumia. Akasimama uso kando, akaliambia beseni kwamba karanga ziko salama, Mungu ni mkubwa, na mwakani mkwe aje mapema, aje na mikono yake, hema abakize Kahama. Nimeguswa sana. Anasubiri nirudi!

Jumatano, 6 Mei

Kahama. Nimefungua mfuko. Harufu! Madoa meusi kwenye buluu yote, kama surua. Generosa amelitandaza uani, analipangusa kwa kitambaa na maji matupu, bila sabuni, kama ile karatasi inavyosema. Polepole linarudi rangi yake. Nimesimama namtazama mpaka nimesahau kufungua duka.

Na hapo wazo likaja. Shamba zima, nusu siku, bila jasho langu hata tone! Nani aliwakusanya wale watu? Mimi. Jirani yangu Akida ana mahindi yamekauka upande wa Isaka, hana wavunaji, anahangaika. Nimekwenda kumwambia asihangaike. Nimempa neno langu, na Jumamosi tunasimamisha hema pembeni mwa mahindi yake.

Generosa ameniuliza, bila kuinua kichwa kwenye kitambaa chake, nimejifunza nini Ushetu. Nimefikiri kwa dhati kabla ya kumjibu. Nimemwambia vigingi vilikuwa vifupi mno, watu wa mbali hawakuviona. Kwa hiyo nimepita kwa Charles, fundi wa kuchomelea, anitengenezee virefu, na nimemwagiza avipake rangi ya dhahabu.