Malalamiko Juu ya Risasi Nzito na Mume Wangu Anayefumba Macho

Ndugu Mhariri wa gazeti la bonde letu,

Pole na kazi, na hongera kwa ule ukurasa wa ng'ombe waliopotea. Nausoma wote ingawa hatuna ng'ombe. Mimi ni Tessa Haugen, mke wa Brandt, yule kijana mrefu anayejenga nyua za waya hapa Montana. Sikusoma sana, kwa hiyo nikikosea unirekebishe, ila ukali usiupunguze.

Brandt amepata kazi ya kuchunga ng'ombe mlimani kiangazi chote. Kuna nyumba ya magogo, na mimi na mtoto wetu Junie tumeruhusiwa kwenda kuishi naye. Lakini kule dubu ni wengi kuliko majirani, na tajiri wake amesema Jumamosi kila mchungaji apige sahani ya karatasi kwa bastola, na asiyeipata abaki huku chini. Brandt amenunua bastola mpya ya magnum, ile aina yenye mshindo mkubwa. Bastola haina tatizo. Tatizo ni watu, na ninawalalamikia kama ifuatavyo.

1. Tulikwenda dukani kwa Mzee Virgil Stroud kutafuta risasi za mazoezi. Bastola hii inakubali za aina mbili: zile ndefu nzito za magnum, na fupi nyepesi zinazoingia tundu lilelile bila ugomvi. Nikaomba fupi. Mzee Virgil akanitazama kama niliyeagiza maziwa baa. "Binti, umenunua farasi halafu unamtafutia tandiko la mbuzi?" Wale wanaume wanaokunywa kahawa ya bure pale kaunta wakacheka mpaka kahawa ikawapalia. Mmoja wao, Dwayne Pruitt, akamwambia mume wangu, "Beba hizi nzito, kaka. Dubu hangoji ujifunze." Brandt akabeba nzito.

2. Alizipiga. Risasi ya kwanza ilimrusha mkono juu, ikamshtua. Kufikia ya tatu alikuwa anafumba macho, anauma mdomo, anasukuma mkono chini, ndipo anafyatua. Sahani ilibaki safi, ungeweza kuipakulia keki. Uso ule ninaujua, ni wa Junie akiona kijiko cha dawa: analia kabla hakijafika. Na huyo Junie, Ndugu Mhariri, tulimwanzishia maziwa, tukaja uji, tukaja viazi vya kuponda. Hakuna mwanaume wa kaunta aliyekuja kuniambia, "Mpe nyama ya paa, njaa haingoji ajifunze."

3. Mzee Virgil anasema risasi fupi huacha masizi ndani ya tundu, na baadaye ndefu hukwama. Ni kweli. Ndiyo maana kuna brashi. Mimi nimewahi kuosha chupa ya maziwa iliyosahaulika chini ya kiti cha gari mwezi wa Julai, kilele cha joto huku kwetu. Masizi hayanitishi.

4. Huyo Dwayne. Kuna mazoezi tunayafanya hapa kwetu: mtu mwingine anakujazia bastola, anachanganya maganda matupu na risasi za moto, nawe hujui lipi liko wapi. Ukifika kwenye ganda, bastola inalia tik tu, na hapo mkono wako unasema ukweli: ukiruka, uliogopa mshindo kabla haujaja. Nilimkaribisha kwenye kiwanja cha shabaha. "Jaza unavyotaka, Mama Junie," akasema, "mkono huu ni jiwe." Nikamjazia maganda matupu, yote. Tik, na Dwayne akarusha mkono kama aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Tik, akarusha tena. "Ni upepo," akasema. Bendera ya kiwanja ilikuwa imelala usingizi.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, risasi nzito ziuzwe kwa cheti cha daktari. Anayetoa ushauri kaunta apimwe kwanza kwa maganda, mbele ya mama yake mzazi, na kama mama ametangulia mbele za haki, basi mbele ya mama mkwe. Akirusha mkono, kahawa yake ailipie. Halmashauri ipige marufuku risasi nzito bonde zima mpaka Brandt afumbue macho. Dubu nao waarifiwe wasishuke kabla ya hapo.

Nisamehe kwa hilo la dubu. Ni kwamba nimekuwa nikimjazia Brandt risasi fupi na maganda kila jioni akitoka kazini, Junie akiwa kwa mama mkwe wangu. Jana alifika kwenye ganda, tik, na mkono haukutikisika. Nilimchungulia usoni. Macho yalikuwa wazi, anaitazama sahani. Nilitaka kulia. Sihitaji mume shujaa. Nataka dubu akisimama kati ya mlango na kamba ya nepi za mwanangu, baba yake awe anamwona.

Ni mimi msomaji wako mwaminifu, ninayetumaini mema. Nisalimie mkeo, watoto, wapiga chapa wako, na yule mama wa mapokezi mwenye kikohozi. Hata Mzee Virgil msalimie.

Tessa Haugen (Mama Junie)

Tanbihi: Nilichelewa kuiposti barua hii, na leo ni Jumapili. Jana tajiri aliamuru kila mtu atumie risasi atakazokaa nazo mlimani, yaani nzito. Brandt alitoboa sahani, macho wazi, tunahama kesho kutwa. Kisha tajiri akasema, "Na mama naye ajaribu." Sijui nikueleze vipi. Mshindo wa zile nzito ulinipanda mpaka kwenye meno, na nikaomba risasi nyingine. Nilifumba macho kila risasi na sikukosa hata moja. Tafadhali usichape chochote mpaka Mzee Virgil aniuzie nzito zote zilizobaki.