Taa ya Nyuma ya Chevrolet ya Baba Casimir

Kintu yenye nitakuambia hapa hautaamini, na mi sitakulaumu. Hata bale bantu benye balikuwa pale ku bar ya Mama Wivine, mu Katuba, benye baliona na macho yabo mbili, balienda kulala paka banaulizana: ni kweli tuliona, ao ni pombe?

Ilikuwa mwaka wa 1961. Katanga ilikuwa inajiita inchi, na bendera yake, na timbre yake ya posta, na franga yake mupya yenye hakuna muntu alijua kama kesho itanunua hata chumvi. Lubumbashi, bazungu balikuwa banaiitaka Élisabethville. Na mu ile Élisabethville kulikuwa bwana moya, jina Rigobert.

Rigobert alikuwa fundi wa motoka. Njo vile alikuwa anasema yeye. Kweli yenyewe, alifagiaka mu garage moya myezi sita, kiisha balimufukuza ju aliuzisha batri moya ku bantu batatu. Lakini mu ile myezi sita macho yake haikulala. Na kinywa? Rigobert angeweza kukuuzisha chapeau yenye iko ku kichwa yako, na ungemushukuru ju alikupunguzia bei. Alikuwa anavalaka chemise nyeupe, cravate, na mu shingo ile mupira ya munganga ya kusikiliza moyo. Ilitoka ku lopitalo gani, tusiulizane. Yeye alikuwa anasikilizaka nayo motoka.

Basi siku moya Rigobert iko pale ku bar kwa Mama Wivine, na glasi ya deni mbele yake, Baba Casimir anaingia, bumbi mupaka mu masikio. Baba Casimir alikuwa mupishi ya muzungu moya miaka kumi na mbili. Wakati bazungu bengi balikimbia, mwaka wa 1960, ule muzungu alimuachia camionnette yake, Chevrolet ya 1947, pamoya na mukanda, karatasi ya kuonyesha ni ya Casimir. Baba Casimir alitaka paka kintu moya: kwenda Kasenga kuleta samaki.

— Balinirudisha tena ku barrière ya barabara, anasema. Basoda banakatala: motoka bila taa nyekundu ya nyuma haipite. Na taa ilikuwa inawaka. Nikikanyaga frein, inafifia. Nikiingia mu shimo, inazima. Shimo ingine, inawaka tena.

Masikio ya Rigobert ikasimama. Akatoka inje, akalala chini ya ile Chevrolet na cravate yake yote.

Ngoja nikuelezee, ju bila hii hautasikia utamu. Moto ya batri inaendaka ku taa na nshinga. Lakini inapashwa kurudia ku batri, na inarudiaka mu chuma ya motoka yenyewe. Ile njia ya kurudia, bafundi banaiitaka masse. Masse ikikatika, unaweza kuweka ampoule mupya ya kutoka Bruxelles, haitawaka. Sasa caisse ya nyuma ya ile Chevrolet, pale pa kubebea bintu, ilikuwa ya mbao, ju ile ya chuma ilikuliwaka na kutu zamani. Na mbao haipitishe moto. Njo maana ku kila taa kulikuwa kanshinga kafupi ka shaba, kanatoka ku taa, kanafungwa na boulon ku shasi. Zile boulon zilikuwa zimepata kutu. Dawa yake? Kisu, ukwaruze, ukaze. Dakika tano. Muntu muzuri angefanya vile, na angepewa chupa moya.

Rigobert hakukuwa na ile ugonjwa ya wema. Pale chini alisikia moteri inazunguka polepole, muzuri, sawa mutoto mwenye kushiba. Akajiona mu barabara ya Kasenga, kiwiko inje ya dirisha, bantu banamupungia mukono: patron, patron. Akafungua tule tunshinga twote mbili, akatukunja, akatuweka mu mufuko ya suruali. Kiisha akasimama, akaweka mupira ya munganga ku garde-boue, juu ya gurudumu, akafunga macho.

— Baba, hii motoka ilizaliwa mwaka gani?

— Quarante-sept.

— Iko inalia mu ndani. Sikiliza weye mwenyewe.

Baba Casimir akaweka mupira mu masikio.

— Mi nasikia paka tumbo yangu.

— Njo vile inaanzaka. Courant ya batri imezeeka, Baba. Inatoka mbele na nguvu, lakini kufika nyuma, magoti inalegea.

Mama Wivine alikuwa ku mulango na torchon yake ya kupangusa glasi.

— Rigobert, courant inazeekaka?

— Mama, hata weye zamani ulikuwa na miaka kumi na mnane.

Bantu bakacheka. Mama Wivine akakuya polepole, akamunyanganya glasi.

— Sasa mwanangu, Baba Casimir anauliza, motoka imekufa?

— Haiyakufa. Iko agonie, karibu ikufe. Lakini mi niko na roho ya huruma. Nitaikamata vile iko, nikupe gramophone yangu na masahani yake yote ya muziki. Franga sina.

— Franga siitake. Sijui kesho itakuwa na sura ya nani. Lakini gramophone peke haibebe samaki. Ongeza kinga, ile baisikeli yako.

Kinga, ile ya Rigobert, ilikuwa mupya, ya kijani, na taa ya phare. Kinga na gramophone, kwa Chevrolet nzima. Akakubali.

— Bon, Baba Casimir anasema. Lakini mbele ya kuandika, kesho nitaipeleka kwanza mu mji, ku garage, baangalie hata kidogo.

Hapa njo Rigobert alifanya kosa, na alifanya kwa akili yake yote. Fundi wa kweli angepiga jicho moya chini ya ile caisse, mambo imeisha. Basi akapandisha sauti, bar yote isikie:

— Baba, usipoteze essence ya motoka bure. Mi Rigobert naapa mbele ya bantu. Kama taa hii inawaka mbele ya tuandike mukanda, jumapili, Siku ya Mungu, kwa mukono ya fundi ao ya muntu yoyote, bintu byangu byote byenye nitakuletea bibakie kwako.

— Muntu yoyote?

— Muntu yoyote.

— Hata mi?

— Baba, hata Mama Wivine.

Baba Casimir akatingisha kichwa polepole, sawa muntu mwenye anahurumia mutoto.

— Basi sikuuzishie maiti, mwanangu. Weka kwanza batri mupya na mipira mbili ya magurudumu ya nyuma. Uondoke hapa na motoka, bantu basiseme nilikuibia.

Rigobert alicheka mu roho. Batri anaweka mu motoka ya nani? Yake. Mipira? Yake. Ile wiki yote alizunguka Katuba. Costume yake ya kroazé, koti na suruali, ikaenda, ikarudi batri. Viatu ya rangi mbili na matelas ya kulala bikaenda, bikarudi mipira. Akapaka graisse, akasafisha carburateur, akalipisha hata muchoraji kuandika ku mulango: TRANSPORT RIGOBERT & FILS. Fils, mutoto, hakukuwa naye, lakini ku Kasenga bibi habakosekane. Kila muchana Baba Casimir alikuwa anakaa ku kiti, anaangalia, anamuletea mayi ya kunywa.

— Unatumika muzuri, mwanangu.

— Napenda kazi, Baba.

Siku ya Mungu ikafika, jua inaanguka nyuma ya cheminée, ile bomba ya moshi ya usine. Bar imejaa. Mukanda iko juu ya meza, na bic ya kuandika. Rigobert anakamata bic.

— Ngoja, Baba Casimir anasema. Niijaribu mara ya mwisho. Ni ya muzungu wangu, inaniuma.

Akaenda mu motoka, akavuta bouton ya taa. Mbele inawaka. Nyuma giza. Rigobert akapanua mikono: munaona. Baba Casimir akarudi mu bar, akapita karibu na meza ya muntu mwenye alikuwa anakula samaki, akamukamatia furusheti, uma ya chuma, mu mukono, akaipangusa ku suruali. Akaenda nyuma ya Chevrolet, akachutama. Upande moya ya furusheti ku chuma ya taa, upande ingine ku shasi.

Taa ikawaka. Nyekundu, ya kujaa, sawa jicho ya mulevi.

Mama Wivine bila kuambiwa akamupelekea kijiko. Baba Casimir akaweka ku taa ingine. Ikawaka na ile.

— Miaka kumi na mbili, anasema, bado amechutama, mi na muzungu wangu tulikuwa tunaenda Kasenga kununua samaki. Kila safari masse inakatika. Yeye anaendesha, mi nashika furusheti. Nilirudiaka hapa na mikono ya baridi, kiisha napika.

Rigobert akatia mukono mu mufuko ya suruali, vidole ikagusa tule tunshinga. Kinga imeenda, gramophone imeenda, costume, viatu, matelas. Na Chevrolet iko pale, na batri yake, na mipira yake, inangara.

Baba Casimir akamukaribia. Akasema chini, masikio yabo mbili peke:

— Nshinga yangu iko mu mufuko yako. Ukiitoa hapa, mbele ya bantu, naifunga sasa hivi, lakini utajua vile batakuita. Ukibakia nayo, panda nyuma, unishikilie furusheti na kijiko mupaka Kasenga. Tukifika, kinga yako nakurudishia. Gramophone, hapana. Bibi yangu amesha kuipenda.

Kiisha akapanda mbele, akawasha moteri. Iliwaka ku mara ya kwanza, na vile Rigobert aliitengeneza na roho yake yote. Bantu bote banamuangalia. Mama Wivine anamunyooshea furusheti.

Kufika Kasenga ni kilometa mia mbili na zaidi, bumbi, mashimo, mikono mbili imenyooka sawa muntu anabeba mutoto wa kubatiza. Ku barrière soda aliangalia taa nyekundu mbili, muzuri kabisa, akaangalia pale katikati bwana moya wa cravate amechutama, mupira ya munganga mu shingo, furusheti kuume, kijiko kushoto. Hakuuliza kintu. Akanyanyua mbao, bakapita.

Usicheke mbio. Ungekuwa weye pale, na nshinga mu mufuko na bantu ba Katuba bote banakuangalia: ungeitoa, ao ungepanda?