Turbo ya Kupandia Mlima

Jumatatu, 3 Machi
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi: funga mlango, usome kimyakimya, usimwambie mtu. Hasa Upepo asijue. Ni afisa ugavi wa ofisi yetu, na jina amelipata kwa uendeshaji wake. Mimi ni karani wa masjala. Nina gari la marehemu mjomba. Mwezi uliopita nilibeba wenzangu watatu kwenda kazini, bure, kwa ajili ya mazungumzo tu. Lakini ule mlima kabla ya ofisi! Gari likijaa, linapanda kama mtu anayetafuta funguo zilizodondoka. Dada wa mapokezi alichelewa mara mbili, akahamia kwa Upepo. Wengine wakamfuata. Dada huyo aliniaga vizuri: si wewe, kaka'angu, ni mlima. Sasa nawasha redio na kuitikia salamu za mtangazaji.
Nimeamua. Nafunga turbo.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma mpaka macho yanauma. Pistoni hubana hewa na petroli kabla ya cheche. Kipimo hicho huitwa mbano; wa injini yangu ni mara tisa na nusu. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka, nayo husukuma hewa zaidi ndani. Ukiongeza hewa bila kupunguza mbano, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati, pistoni hutoboka. Hutoboka! Chai imenipalia.

Alhamisi, 6 Machi
Gereji, kwa ruhusa ya siku moja kazini. Fundi ana turbo ya mtumba, kama konokono wa chuma. Alisema ataweka gasketi, ile karatasi ya kuzibia, nene kidogo chini ya silinda hedi, yaani kifuniko cha injini, nafasi ya hewa iongezeke na mbano ushuke hadi nane na nusu, basi. Nikauliza kama ni salama. Akasema salama. Salama kabisa? Nikamwomba aongeze gasketi nyingine. Kisha ya tatu. Akaniangalia. "Bosi, hii ni injini, si godoro." Nikasisitiza, kwa adabu. Mbano umeshuka hadi sita. Alitaka niandike kwamba ni mimi niliyeagiza. Nimeandika, nakala tatu.
Nilimshikia taa kutwa nzima huku akinisimulia visa vya wakwe zake. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetangaza ofisini: Jumatatu nawabeba wote, tutamtangulia Upepo. Upepo alicheka, akasema turbo hufungwa kwenye gari, haifungwi kwenye jeneza. Dada wa mapokezi amekubali, ila akichelewa mara ya tatu meneja atampa barua ya onyo, na gari langu hatalipanda tena kamwe. Nimesema asiwe na wasiwasi. Wasiwasi ninao mimi wa kututosha sote.

Jumapili, 9 Machi
Nimelijaribu barabara tambarare, polepole, kwa usalama. Turbo haikuamka. Inajitunza kwa ajili ya kesho. Nimefanya mazoezi ya kusema "Karibuni" bila sauti kukatika.

Jumatatu, 10 Machi
Abiria watatu! Mlimani nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kimya. Kumbe mbano ukiwa mdogo mno injini haina nguvu. Isipokuwa na nguvu haitoi moshi wa kutosha. Na bila moshi turbo inalala fofofo. Tukasimama katikati ya mlima. Upepo akapita, honi tatu. Wenzangu wakashuka kusukuma. Mmoja wao, mpiga chapa wa ofisi, akaniomba nami nipulize kwa mdomo, huenda nikasaidia. Wakacheka. Nikacheka! Robo saa nzima tuliongea, wao nyuma, mimi dirishani.
Dada wa mapokezi amepewa barua.

Jumanne, 11 Machi
Alikuja masjala. Nikajificha nyuma ya kabati la mafaili, akaniona viatu. Hakugomba. Gari langu hatalipanda, amekwisha kuapa. Ila yeye na mpiga chapa wameamua kwenda kazini kwa miguu, na kila asubuhi watapita mlangoni kwangu. Wanataka niungane nao. Jana walifurahi, alisema.
Nimemshukuru sana. Nimekataa. Asubuhi zote za wiki hii nina miadi na fundi. Nimegundua kosa langu: turbo moja haitoshi. Tunafunga mbili. Na gasketi ya nne, kwa usalama.

Ukitaka lifti, ni nyumba ya mwisho kabla ya mlima, geti la kijani. Usipige honi, nashtuka. Gonga boneti mara mbili. Nitakuwa chini ya gari. Njoo saa yoyote. Hutanikuta na mgeni.