Ovaroli Nyuma ya Mota

Jumanne, 4 Februari
Gunvor kaniibia zamu ya chumba cha pamoja cha kufulia na kukaushia nguo! Ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, na kwenye kiwanda cha mbao tunafanya kazi pamoja. Jina langu ubaoni, kufuli lake mlangoni. Eti nilichelewa. Eti sheria ni sheria, mama Majken, ungeamka mapema.

Ovaroli ya theluji ya mwanangu Majken imelowa chapachapa. Anayo hiyo moja. Ijumaa chekechea wanakwenda kuteleza kilimani, na asiye na nguo kavu anabaki ndani. Kanililia begani mpaka kalala. Ataenda. Nimesema.

Ila nashukuru. Msimamizi wetu, Sixten, kanifundisha kuwasha mota ya mashine ya kukatakata magogo. Ina pete tatu kwenye mhimili, na brashi za kaboni zinazigusa. Ukiwasha, umeme wa sehemu inayozunguka unapitia kwenye pete hadi sanduku la vikinza, vile vipande vinavyozuia umeme. Unasogeza mkono wa swichi polepole, unaondoa kikinza kimoja kimoja. Hivyo mota inaanza na mzigo mzito bila kufakamia umeme wote wa kijiji. Ndiyo maana mota za aina hii huwekwa hata kwenye kreni na vinu vya saruji, kasema. Nikauliza umeme unaozuiwa unakwenda wapi. Unageuka joto, kasema.

Joto!

Jumatano, 5 Februari
Ovaroli nimeitundika nyuma ya sanduku. Nikawasha. Vuguvugu tamu! Lakini mota ikishashika kasi, vikinza vyote vimeshatolewa, sanduku linapoa. Basi nikazima. Nikawasha. Nikazima tena. Sixten akaja kuuliza kulikoni. Nikasema nafanya mazoezi. Kanisifu kwa bidii! Gunvor akauliza kama najifunza mota au nakaanga samaki.

Mikono ya ovaroli bado mibichi.

Alhamisi, 6 Februari
Nimezidisha mazoezi. Moshi! Umeme ukajikata, magogo yakakwama kooni mwa mashine, kiwanda kizima kimya. Sixten akazunguka nyuma ya sanduku, akatoa ovaroli, goti limeungua kama mkate uliosahauliwa. Nikajua kazi sina.

Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha hakucheka. Kasema vikinza vimeundwa kwa kuwasha mara chache, vikipumzika katikati. Na nguo pale ingetuchoma wote, na Majken angebaki na nani? Nikaapa sitarudia. Kanipa andazi la mdalasini.

Jioni mlango ukagongwa. Gunvor! Kaleta ufunguo wa zamu yake, pamoja na kiraka chenye picha ya kulungu mkubwa wa msituni. Kasema nisijidanganye, hanipendi, anampenda mtoto. Akaketi, akashona. Mungu ambariki, na mdomo wake.

Ijumaa, 7 Februari
Majken kaenda! Karudi mashavu mekundu, kaonyesha kiraka kwa kila mtu. Namshukuru Sixten. Namshukuru Gunvor. Naishukuru hata mota.

Ovaroli imelowa tena, na zamu yangu ya kufulia ni wiki ijayo. Kiapo nitakitunza: sanduku la vikinza siligusi.

Ila kompresa, ile mashine ya kushindilia hewa kule nyuma ya kiwanda, inapuliza hewa ya moto kutwa nzima. Kuhusu kompresa hakuna aliyeniapisha.