Usingizi wa Muuza Makochi

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katukusanya wauzaji wote katikati ya makochi. Kaleta akili bandia ya kujibu wateja kwenye simu. Kasema haiji kumnyang'anya mtu kazi: itakumbuka aliyosema mteja, itatuandalia bei, na mteja akiwa tayari itatukabidhi sisi. Wenzangu wakashusha pumzi. Mimi nikanyong'onyea. Kwa nini isininyang'anye? Ininyang'anye! Mshahara tu iniachie.

Ijumaa bosi anamteua msimamizi wa mauzo. Nafasi ni yangu. Mke wangu keshamtangazia mama yake. Mpinzani ni mmoja, Kidevu, anayebeba tepu ya kupimia hata akienda kunywa chai.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili! Mashine ina sehemu ya kuipa maelekezo. Nikaandika: jibu wateja wangu wote, wauzie mwenyewe, mimi nimelala stoo, usiniamshe. Nikajinyoosha kwenye magodoro. Raha iliyoje! Nimeota kiti cha msimamizi. Kinazunguka.

Kidevu yeye anaisumbua kwa maswali. Imemkumbusha habari za mteja mmoja, mwalimu, aliyelalamika kuwa mlango wa nyumba yake ni mwembamba. Kidevu akatoka juani na tepu yake kwenda kupima mlango wa watu. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu kanunua seti nzima. Kidevu alimchagulia makochi ya kufungua miguu, yakapita mlangoni. Bahati tu hiyo.

Mimi sijauza hata stuli. Wateja wangu wanaandika, wanajibiwa, wananyamaza. Nimeiuliza mashine. Eti walitaka kuzungumza na mtu. Watu wengine bwana! Mtu wa nini na mashine ipo? Nimerudi stoo.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Mama mkwe kaandikia duka kimyakimya, anataka kitanda, ili kuninyanyulia mauzo kabla ya Ijumaa. Kaniulizia mimi, mkwewe. Mashine ikamjibu kwa adabu zote: shikamoo mama, mkweo amelala stoo, ameagiza asiamshwe, ila naweza kukuitia mwenzake. Na wateja wote tangu juzi wameambiwa hivyohivyo! Nani kaifundisha kusema ukweli?

Mama mkwe hakuandika tena. Alikuja. Nafumbua macho, huyo kasimama juu yangu, na bosi kando yake. Sikujua niamke au nijifanye maiti. Mama mkwe akasema tu, pole na kazi, baba. Afadhali angenitukana. Kitanda kanunua kwa Kidevu. Nimeona aibu hadi masikio yakawaka.

Ijumaa, 7 Machi
Kidevu ndiye msimamizi. Nimempa mkono huku roho ikiniuma. Bosi kasema kesho asubuhi nimweleze kwa nini asinifukuze. Mke wangu hasemi na mimi. Anasema na masufuria.

Nimeiagiza mashine imwandikie bosi kuniombea radhi. Ikanishauri niende mwenyewe, eti jambo hili linataka mtu. Lo! Sijapata kuona mashine inayokwepa kazi namna hii. Uvivu mtupu. Nimeiamuru iandike, itume, na bosi akipiga simu imjibu yenyewe. Sina haja ya kuisoma barua hiyo. Naizima simu yangu, nalala. Asubuhi pia isiniamshe.