Mpini wa Kiwango

Idara ya Zana za Mkono ilitangaza, kupitia Waraka Namba Nne, kwamba enzi ya wananchi kufanya kazi wakiwa wamepinda migongo imefika mwisho. Kuanzia siku hiyo kila sululu, jembe na beleshi la kuchimbia lingekuwa na mpini wa mita moja na sentimita arobaini, bila kupungua hata ukucha. Kipimo hicho hakikuokotwa hewani. Mkurugenzi mwenyewe alisimama wima katikati ya ofisi yake, viatu miguuni, na katibu muhtasi akampima kutoka kwapani hadi kwenye zulia.

"Binadamu asimame," alisema Mkurugenzi.

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa muda mrefu kuliko wengine, maana nilikuwa bado nakaimu.

Cheo changu ni Kaimu Mkaguzi wa Zana Zitumikazo Chini ya Usawa wa Ardhi. Kazi yangu ya kwanza chini ya Waraka ilikuwa kisima kilichokuwa kinachimbwa nyuma ya mashine ya kusaga, katika ua ambao, kwa ajili ya uwazi, naeleza kwamba ni wa mama mkwe wangu. Bomba la mtaa ule lilikuwa halijatoa maji kwa miezi mitano. Watu waliamka alfajiri kwenda kupanga madumu mtaa wa pili, na aliyechelewa alirudi na dumu tupu na maneno mengi. Mwishowe walikubaliana wachimbe cha kwao, na mama mkwe akatoa ua wake.

Wachimbaji walikuwa ndugu wawili wa kike. Mkubwa aliitwa Dada Chini, kwa sababu ndiye aliyeshuka kuchimba. Mdogo wake aliitwa Dada Juu, kwa sababu alibaki mdomoni mwa kisima akivuta ndoo za udongo kwa kamba na kapi. Kazi hiyo walifundishwa na baba yao, na zana zilikuwa za baba yao.

Nilifika saa nne asubuhi nikiwa na tepu ya kupimia.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusalimia?"

"Nimekuja kukagua, mama."

"Kagua, baba. Ila usimkawize aliyeko chini. Amesema udongo umeanza kulowa. Kesho kutwa tunakunywa."

Niliinama mdomoni mwa kisima. Kilikuwa kimeshuka mita tisa, cheusi kama faili lililopotea.

"Wewe uliyeko chini! Jitambulishe!"

"Ndimi niliyeko chini!" ilijibu sauti.

"Mpini wa sululu yako una urefu gani?"

"Urefu wa kuingia!"

Niliandika kwamba mhusika hatumii vipimo rasmi. Nikamwamuru apande. Alikuja juu kwa vidato alivyovichonga ukutani, akiwa na tope hadi kwenye nyusi, akaziweka zana zake miguuni mwangu. Nikapima. Sululu, mpini sentimita arobaini na tano. Jembe, thelathini na nane. Mtaimbo haukuwa na mpini kabisa, nikaufungulia ukurasa wake peke yake.

"Bosi," alisema Dada Chini, akijifuta uso kwa kiwiko, "hiki kisima kina upana wa mita moja na kitu. Huo mpini wenu nikiunyanyua utagonga ukuta kabla haujafika begani. Humo ndani hata kujikuna natafuta nafasi."

"Waraka haukugusia upana wa kisima."

"Basi aliyeuandika hajawahi kushuka kisimani."

"Mkurugenzi ana shahada mbili," nilimkumbusha.

"Tunajua," alisema Dada Juu, kamba mkononi. "Za juu."

Sikuona cha kuchekesha, ingawa ua mzima ulicheka. Nilizichukua zana zote, nikawaandikia stakabadhi, na Dada Chini akatia saini hati ya ahadi kwamba hatatengeneza, hatatunza wala hatasababisha kuwepo kwa mpini mfupi bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi. Badala yake nilimkabidhi sululu mpya ya Idara, yenye mpini wa kiwango. Aliiangalia kuanzia chini mpaka juu, kisha akaiegemeza ukutani ambako kuku mmoja aliruka akatua juu yake.

Mama mkwe alirudisha jikoni kikombe cha chai alichokuwa ameniandalia. Wenye mama wakwe watanielewa: afadhali angesema.

Jioni nilimuuliza mke wangu maji ya kuoga yako wapi.

"Yako kwa mama," alijibu, bila kugeuka. "Mita tisa na nusu kwenda chini. Yanasubiri zana ulizobeba."

Nilijifuta kwa kitambaa.

Wale ndugu walikata rufaa. Walikuja ofisini wakiwa wameoga na kuvaa vizuri, sijui kwa maji gani, na nikawaeleza kwamba kamati hukaa Alhamisi, kama viti vinatosha. Alhamisi viti havikutosha. Wiki iliyofuata vilitosha, ila mwenye funguo za chumba alikuwa semina. Mara ya tatu Dada Chini hakukaa hata kwenye benchi. Alisimama mlangoni, mikono yake mikubwa haina cha kushika, akaniambia kwa sauti ndogo:

"Bosi, kisima kilichoachwa hivi kinaanza kumeguka. Kila siku nikienda kukichungulia nakuta udongo umedondoka. Tukikaa tena wiki mbili, itabidi kifukiwe. Na wale akina mama pale watafanyaje?"

Nilimwambia hofu yake imepokelewa. Ukweli ni kwamba usiku ule nililala vibaya, lakini hilo halina safu kwenye fomu.

Rufaa yao ilikuwa na sentensi moja: *Upana wa kisima hauruhusu mpini mrefu.* Mkurugenzi aliisoma, akaandika juu yake kwa wino mwekundu: *Sababu haijitoshelezi. Wajaribu kwa moyo.*

Mtaani walijaribu kwa mdomo. Maneno yakaanza kuzagaa kwamba mpini wa Idara hauingii kisimani, na kutoka sokoni yakafika hadi kwa wageni wa Mkurugenzi. Akaamua kuyakata kwa vitendo. Angeshuka mwenyewe, hadharani, na sululu ya kiwango, achimbe wananchi wakiona.

Tuliandaa shughuli kwa heshima zote. Palikuwa na turubai, viti vya wageni, na kipaza sauti kilichopiga mluzi kila kiliposogezwa. Kando tuliweka meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake zana za akina dada, kila moja na kibandiko: MFANO MBAYA.

Kwa kuwa Idara haina mtu anayejua kushusha mtu kisimani, tuliwaomba akina dada washike kamba. Walikubali. Dada Chini alikagua fundo mara mbili, kisha akamwambia Mkurugenzi kwa adabu:

"Mzee, ukifika chini, hiyo sululu usiinyanyue. Iache hivyo hivyo, upigwe picha, tukuvute."

"Binti," alisema Mkurugenzi, "huu mpini umepimwa kwangu."

Akakaa kwenye kiti cha ubao, suti na tai, sululu imesimama wima ubavuni mwake kama mkuki. Alishuka vizuri sana. Alipofika chini alitoa hotuba ambayo hatukuisikia, tukaipigia makofi. Kisha akainyanyua.

Tulisikia kishindo kimoja, halafu kingine, halafu kimya, kile kimya cha kikaoni mtu anapouliza muhtasari wa kikao kilichopita.

"Mkaguzi!"

"Naam, Mkurugenzi!"

"Nivuteni!"

Wakavuta. Mkurugenzi alipiga ukelele ambao haukuhitaji kipaza sauti. Nilimulika tochi: ncha ya sululu ilikuwa imezama kwenye ukuta wa upande huu, kitako cha mpini kimekita ukuta wa upande ule, na chini ya mpini, ukiwa umemkalia mabegani, alikuwa Mkurugenzi amechuchumaa. Kila alivyojitutumua ndivyo ulivyozidi kukaza.

"Halafu," alisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kuzua taharuki, "kuna maji."

Ua mzima ulilipuka kwa vigelegele. Mama mkwe alikumbatiana na mwendesha mashine ya kusaga.

"Yamefika wapi?" niliuliza.

"Kwenye soksi!"

Dada Chini alikuwa tayari ana msumeno mkononi. Kisha nikamwona anasita, anaushusha.

"Bosi," aliniambia, "dawa yake ni kuukata mpini vipande viwili. Ila nikiukata nitakuwa nimetengeneza mpini mfupi. Mimi nimetia saini kwako."

Nilifikiri kwa makini. Kisheria alikuwa sahihi kabisa, na ahadi ile niliiandika mimi. "Unahitaji kibali cha Mkurugenzi," nilisema.

"Nakata sasa hivi, lakini sema mbele ya watu wote hawa kwamba kesho hutanifunga."

"Kibali kitatolewa," nilisema, nikafungua mkoba. Fomu Namba Saba huwa natembea nazo. Niliweka nakala tatu na kalamu ndani ya ndoo, na Dada Juu akaishusha.

Tulisubiri. Ndoo ilipanda. Dada Juu akasoma kwa sauti, ili umati usiachwe nyuma: "Jina la mwombaji, sawa. Aina ya zana, sululu. Sababu ya ombi: *Nimekwama.*"

"Hiyo haijitoshelezi," nilisema, na naapa sikuwa na nia mbaya. Ni sentensi inayonitoka yenyewe.

"MKAGUZI!"

"Inatakiwa sababu ya kitaalamu, Mkurugenzi! Kifungu cha tisa!"

"Yamefika magotini!"

"Mwandikie mfano," alishauri mama mkwe, ambaye alikuwa amesogeza kiti chake cha wageni hadi mdomoni mwa kisima.

Sikuwa na mfano mwingine mkobani zaidi ya rufaa ya akina dada. Nikaitia kwenye ndoo. Chini ilisikika karatasi ikigeuzwa mara mbili, pengine kwa sababu ya wino mwekundu. Ndoo ilipopanda mara ya pili, fomu ilikuwa imejazwa kwa mwandiko wenye matone: *Upana wa kisima hauruhusu mpini mrefu.*

Hapo nikaona tatizo jipya, nikalisema, maana nisingelisema ningekuwa nimezembea. Idara isingeweza kukubali Jumamosi sababu iliyoikataa Jumanne. Ilibidi uamuzi wa kwanza ufutwe. Rufaa ikashuka tena, na iliporudi maneno mekundu yalikuwa yamekatwa, na pembeni pameandikwa: *Imekubaliwa. Warudishiwe zana zote. Haraka. HARAKA.* Nikaiweka juu ya paja langu, nikaigonga mhuri.

Dada Chini hakungoja wino ukauke. Alienda mezani, akabandua vibandiko vya MFANO MBAYA kimoja kimoja kwa ukucha, akaning'iniza zana zake mgongoni, akashuka kwa vidato upesi kama mtu anayeingia jikoni kwake. Tulisikia msumeno, kisha pumzi ndefu ya Mkurugenzi.

"Nivuteni sasa!"

"Subiri, mzee," ilisikika sauti ya Dada Chini, tulivu. "Angalia hapo unapokanyaga. Hilo ndilo jicho la maji. Tusipolifungua sasa hivi tope litaliziba, na kazi yote imekufa. Kamba ni moja. Kwanza itoe udongo."

"Na mimi?"

"Wewe uko kwenye nafasi ya kuchimba. Mimi nimebanwa hapa ukutani, sifiki."

Watu wawili mle ndani walikuwa kama miguu miwili katika kiatu kimoja. Sisi tulioko juu hatukuona, lakini tulisikia vizuri.

"Shika hili jembe. Hapana, shika karibu na chuma. Pinda mgongo, mzee."

"Nimepinda."

"Pinda zaidi. Haya. Usipige kwa hasira, vuta tu. Eeh! Umeona? Jaza ndoo."

Kwa mujibu wa kumbukumbu zangu, Mkurugenzi alijaza ndoo kumi na nne za tope. Zile tatu za kwanza zilipanda nusu, Dada Juu akazirudisha akisema kamba yake haifanyi safari ya hasara. Kuanzia ya nne zilikuja zimejaa mpaka kwenye ukingo. Ya kumi na tano ilipanda maji. Ya kahawia, mazito, lakini maji. Dada Juu alichovya kidole akaonja, akacheka peke yake, halafu akageuka akalia, akijificha uso kwa ncha ya khanga. Ndipo kamba ikamshukia Mkurugenzi.

Alitokeza bila viatu. Suti ilikuwa na rangi ya kisima. Viganja vilikuwa vimevimba malengelenge, na alikuwa akiviangalia kana kwamba amekabidhiwa vya mtu mwingine. Hakuhutubia. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari lake, na dereva akashuka haraka, lakini ili kuufunga mlango.

"Samahani, mkuu. Mtu mwenye tope haruhusiwi kwenye gari la serikali. Waraka Namba Mbili."

"Nani katia saini upuuzi huo?"

Dereva alitazama chini kwa heshima.

Mkurugenzi akatembea. Nikamfuata nyuma hatua tatu, kama inavyotakiwa. Habari za maji zilikuwa zimetutangulia, na akina mama walikuwa wakija mbio na madumu. Hakuna aliyemtambua. Walipopishana naye waliona mtu wa makamo, peku, tope hadi masikioni, anachechemea.

"Pole na kazi, fundi!" walimwambia, mmoja baada ya mwingine. "Mungu akulipe, fundi!"

Kwenye kona, mwanamke mmoja alitua dumu lake akamshika mkono kabisa.

"Fundi, na kwetu kule bondeni kumekauka. Unakuja lini?"

Nilifungua mdomo kumweleza utaratibu wa maombi. Mkurugenzi alinizuia kwa kiganja kile kilichochubuka.

"Mahali penyewe pana upana gani?" alimuuliza.

"Padogo, baba. Nyumba zimebanana."

Mkurugenzi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu wa kazi. "Basi mimi niiteni fundi wa uongo," alisema. "Wa kweli wako pale nyuma, wanawake wawili. Waambieni mmetumwa nami."

"Na wewe ni nani?"

Alifikiri kidogo, akatazama miguu yake.

"Niliwajazia ndoo," alisema.