Asumini Hataki Kushikwa

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Leo nimepata mgeni. Paka! Jina lake Asumini. Mweupe, na baka jeusi sikioni. Mwenyewe ni Bi Mwanakheir, mjane wa nyumba ya mkabala, mshona kofia. Nnamtaka moyoni tangu mwaka jana. Hajui.

Asubuhi nilimsikia akimwambia Bi Mize wa ghorofani kwamba anakwenda kisiwani Tumbatu, mdogo wake anakaribia kujifungua, na hana wa kumwachia paka. Akamtaja Jaku, fundi baiskeli. Jaku! Nikatoka mbio na sabuni ya kunyolea usoni. Nikasema paka wote wa mtaa wetu wa Malindi wananijua. Nikasema marehemu mama akiniita baba wa paka. (Mama alikuwa hataki hata kusikia mlio wa paka.)

Bi Mwanakheir akanitazama. "Kweli, Mjaka?"

Nikajibu kweli tupu. Akasema basi nimtunze kama mboni ya jicho, kwani tangu mumewe afariki hana mwengine ndani ya nyumba ile.

Mpango: akirudi amkute Asumini kashikana nami kama ulimi na mate. Mwanamke akiona hivyo, posa itajisema yenyewe.

Baada ya alasiri nikampapasa mgongoni. Mara ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, damu kwenye kanzu.

Jumanne, 3 Agosti

Mpango wa pili: soksi. Nimevaa mikononi, juu ya pea moja nyengine. Asumini akazitazama soksi, akaniuma juu yake, pale zinapoishia. Ana akili za kishetani.

Kazini, ghala la karafuu, mwenzangu Muhiddin akaniuliza nimefanya nini. Nikasema nimeangukia miba. Akauliza ni miba gani hiyo yenye meno. Watu wengine wanapenda kuchimba mambo.

Niliporudi, aibu! Asumini kavuka njia kwa maringo, kajisugua miguuni mwa Jaku aliyekuwa anaziba pancha. Jaku hata hakuinamisha macho. Nikamwambia aache kumlaghai mnyama wa watu. Akasema hajamgusa. Hilo ndilo lililoniudhi.

Alhamisi, 5 Agosti

Nilikuwa na wazo zuri. Ningeapa ni zuri.

Bi Mwanakheir amemtandikia Asumini kanga yake kapuni. Nikajifunika kanga ile kichwani, nikajitanda vizuri, nikakaa mkekani nimetulia. Harufu ya mwenyewe! Asumini akaja. Akajisugua gotini, akaanza kukoroma. Machozi yalinilenga. Nikampitishia mkono mgongoni, nikaita kwa sauti nyembamba, "Asumini, mwanangu..."

Akaning'ata kidole, akaning'inia nacho. Nikatoka nje napiga kelele. Watu walikuwa ndiyo wanatoka msikitini. Wote. Imamu akageuza uso kwa heshima. Jaku hakugeuza.

Ijumaa, 6 Agosti

Najuta. Naandika na najuta.

Asumini alishinda kwa Jaku, akarudi ana grisi ubavuni. Nikaona Bi Mwanakheir akimkuta ananuka gereji, sifa zote zitakwenda kwa Jaku. Nikajaza ndoo maji, nikatia marashi ya mawaridi, nikamkamata kwa nguvu. Nilimbana mgongo kwa kiganja ili asiruke. Alilia sauti ambayo sijapata kuisikia kwa paka. Ilikuwa kama ya mtoto. Nami nikazidi kubana, nikimwambia ni kwa faida yake.

Akanipasua kifua, akapita dirishani, amelowa chapachapa. Nimemtafuta mpaka sokoni Darajani, kwenye meza za samaki, nikiita jina la Asumini. Mwanamke mmoja akanionesha wauza maua.

Hayupo.

Jumamosi, 7 Agosti

Yupo! Kwa Jaku, kalala ndani ya tairi bovu. Nikamuuliza Jaku kamvutia kwa kitu gani. Akasema, "Hakuniuliza, sikumuuliza." Akaendelea na nyororo yake ya baiskeli.

Nikamkuta Bi Mize ngazini. Shikamoo, marahaba, akaiona mikono yangu. Akauliza nilikuwa nikimshika wapi. Nikasema mgongoni, kama paka wote. Akajipiga paja.

"Wee Mjaka! Mgongo ule ulibanwa na mlango mwaka jana. Mfupa haujakaa sawa mpaka leo. Ukimgusa hapo, lazima akuume. Mwache aje mwenyewe, mkune kidevuni tu, na akianza kutikisa mkia, toa mkono."

Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema.

"Si ulisema wewe baba wa paka?"

Kila siku nimekitia mkono kidonda cha mnyama, kisha nikamwita shetani. Samaki wangu wa mchana nimempelekea yeye, nikaweka mbali, nikaondoka. Mimi sikuwa na hamu.

Jumapili, 8 Agosti

Bi Mwanakheir karudi. Mdogo wake kajifungua salama, mtoto wa kike. Ana furaha, kaniletea pweza mkavu. Kisha akamnyanyua Asumini, kwa chini, kiganja kifuani, mgongo hakuugusa. Akanusa manyoya. Akaitazama mikono yangu. Furaha ikamtoka usoni.

Akaniuliza marashi ya nini. Nilitaka kusema upepo. Nikashindwa. Nikamwambia yote: soksi, kanga, ndoo, dirisha. Hakucheka hata kwenye kanga. Akasema taratibu, "Ungesema tu hujui, Mjaka. Ningekufunza."

Ningekufunza! Jioni ngapi hizo zingekuwa, mimi na yeye barazani, ananionesha, hapa gusa, hapa acha? Nimezipoteza zote kwa uongo wa asubuhi moja, tena uongo ambao hakuna aliyeniomba.

Pweza nimemla. Mchungu, au ni mdomo wangu.

Jumanne, 10 Agosti

Leo nimekuwa mtu mpya. Nilikaa barazani, mikono nimeikalia. Bi Mwanakheir mlangoni kwake na kofia yake, anashona, jicho moja kwangu. Sikuita. Sikupiga mluzi. Nikatazama ukuta.

Asumini akaja mwenyewe! Akakaa pembeni yangu. Nikamkuna kidevuni kwa kidole kimoja. Akafumba macho, akakoroma. Bi Mwanakheir akaweka sindano chini, akatabasamu, tabasamu nililolingojea mwaka mzima. Akasema, "Waona?"

Nikasema naona. Mkia ukaanza kutikisika. Nikajua maana yake, wallahi nilijua. Lakini Jaku ndiyo kwanza alikuwa ameinua kichwa, anatuangalia, na kutoka kwake kidevu hakionekani vizuri. Nikampitishia Asumini mkono kutoka shingoni hadi mkiani, polepole, ili Jaku aone.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia kaufunga bandeji Bi Mwanakheir, na kaukaza kuliko haja.

Nimefikiri sana. Nadhani kilichomuudhi ni pete yangu ya fedha, hupata baridi. Kesho naivua.